BARAZA LA FAMILIA: Tungepewa kurudi nyuma, tungekuwa na haki ya kuibadili jana?

   

Mwezi huu swali limetoka kwa vijana. Waliangalia sinema kwenye kibanda cha video, wakatoka wanabishana, na ubishi haukuisha mpaka usiku. Basi wakaona watutupie sisi mzigo. Karatasi waliyotumbukiza kwenye sanduku letu inauliza hivi: kama kungekuwa na mashine ya kumrudisha mtu miaka ya nyuma, ingekuwa halali kurudi na kuzuia vita vilivyotuleta hapa?

Mwanzoni tulicheka. Tukasema, jamani, watu wanawaza posho na kuni, nyie mnawaza mashine! Lakini chini ya karatasi kulikuwa na mstari mwingine, mwandiko tofauti: "Mkirudi mkazuia vita, mimi je?" Aliyeandika hivyo amezaliwa hapa hapa kambini. Hapo tukaacha kucheka. Tumeona swali hili linafaa kuletwa barazani, wazee walisikie na vijana wajibiwe.

JE, MASHINE HIYO IPO?

Tuseme mapema ili mtu asije akaweka akiba ya kuinunua: haipo. Hadithi zake zipo tele. Mwaka 1895 Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu cha hadithi kuhusu mtu aliyetengeneza mashine ya kusafiri katika wakati, na tangu hapo waandishi na watu wa sinema hawajaiacha. Tena wazo lenyewe ni la zamani kuliko mashine. Waislamu wanaijua habari ya Watu wa Pangoni waliolala miaka 300 na kuzidisha 9, na Wakristo wa kale nao walisimulia habari za vijana saba wa Efeso waliolala pangoni wakaamka zama nyingine. Lakini angalieni: hao wote walikwenda mbele. Hakuna aliyeamka akajikuta kabla ya siku aliyolala.

Wataalamu nao wanasema karibu hivyo hivyo. Mwaka 1905 Albert Einstein alieleza kwamba saa inayosafiri kwa kasi haihesabu sawa na saa iliyotulia. Mwaka 1971 Wamarekani wawili, Joseph Hafele na Richard Keating, walipanda ndege za kawaida za abiria na saa za atomiki, wakaizunguka dunia, mara moja kuelekea mashariki na mara moja kuelekea magharibi. Waliporudi, saa zile zilikuwa zimetofautiana na zile zilizobaki nyumbani kwa kiasi kidogo mno, sehemu za bilioni za sekunde. Ni kidogo, lakini ni kweli. Kwa hiyo kwenda mbele kidogo kuliko wenzako kunawezekana. Kurudi nyuma ndiko ambako hakuna aliyekuonyesha. Profesa Stephen Hawking wa Cambridge alifanya mzaha mmoja mzuri: tarehe 28 Juni 2009 aliandaa karamu kwa wasafiri watakaotoka miaka ijayo, na kadi za mwaliko akazitoa baada ya karamu kwisha. Alikaa na vinywaji vyake mezani. Hakuja mtu.

Sasa mtasema, kama haipo tunaijadili ya nini? Kwa sababu kichwani tunayo. Hakuna blanketi katika kambi hii ambalo chini yake hakuna mtu aliyewahi kurudi nyuma usiku, akafunga mlango uliokuwa wazi, akamshika mtoto mkono asipotee njiani, akatoka nyumbani siku moja kabla. Lugha yetu yenyewe inajua jambo hili. Walimu wa Kiswahili wanatufundisha kutenganisha -nge- na -ngali-. "Ningekwenda" bado ina mlango wazi, huenda nikaenda. "Ningalikwenda" mlango wake umefungwa, siku imepita. Mitaani tunazichanganya, ndiyo, lakini moyo hauchanganyi. Mkimbizi anaishi na -ngali- nyingi sana. Ndiyo maana swali la vijana hawa si la upuuzi.

KUMWADHIBU AMBAYE HAJAKOSA

Sinema waliyoangalia vijana ni ile ya Terminator, ya mwaka 1984. Kwa ambao hawajaiona: miaka ya mbele roboti zinapigana na binadamu. Binadamu wana kiongozi hodari. Roboti zikishindwa kumpata, zinatuma mmoja wao arudi nyuma akamuue mama yake kabla hajazaliwa. Yule mama hajui lolote. Anafanya kazi ya kuhudumia wateja mgahawani. Hana kosa, na mtoto wenyewe hata mimba yake haijatungwa.

Kila anayeangalia anamwonea mama yule huruma. Hakuna anayesema roboti ana haki. Lakini geuzeni swali muone. Adolf Hitler alizaliwa tarehe 20 Aprili 1889 katika mji wa Braunau, Austria. Muulize mtu yeyote: ukirudi siku hiyo ukamkuta kitandani mtoto mchanga, utafanya nini? Wengi watajibu haraka, nitamuua, maana mamilioni watapona. Na hapo hapo mtu huyo amefanya alichofanya roboti. Amemuua mtoto kwa kosa ambalo bado halijatendeka. Tofauti ni moja tu, kwamba safari hii anayejua ya mbele ni sisi.

Ndugu zetu, hapa lazima tusimame kidogo, maana maneno haya si ya sinema peke yake. Katika nchi zetu waliowaua watoto hawakusema "tunaua watoto wasio na hatia." Walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Walisema hawa wadogo watakua, watakuja kulipiza, tuwawahi. Yaani walijifanya wametoka miaka ya mbele na wameyaona yatakayotokea. Aliyebeba panga alijiona msafiri anayeokoa watu wake. Ndiyo maana sisi katika baraza hili tunasema bila kuyumba: hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mtoto kwa jambo ambalo hajalitenda, hata kama angekuwa na mashine ya kweli. Anayedai kuyajua ya kesho kiasi hicho, mwogopeni.

Wengine wanatoa shauri la upole zaidi. Hitler alipokuwa kijana aliomba kusoma uchoraji katika chuo cha sanaa cha Vienna, mwaka 1907 na tena 1908, akakataliwa mara zote mbili. Basi, wanasema, usimuue, nenda ukawaombe walimu wampe nafasi! Tunakubali, hilo ni bora mara elfu kuliko kumnyonga mtoto. Kama mtu angeweza kurudi, basi arudi na daftari, na chakula, na neno jema, asirudi na bunduki.

Lakini je, mtu mmoja akizuiwa, vita vinazuilika? Ujerumani ilikuwa imeshindwa vita mwaka 1918, watu wana madeni, hasira na njaa, na wenye chuki walikuwa wengi. Kwetu pia tunasikia maneno hayo kila siku. Laiti Rais Melchior Ndadaye asingaliuawa tarehe 21 Oktoba 1993. Laiti ndege ile isingaliangushwa Kigali tarehe 6 Aprili 1994. Siku hizo zilikuwa nzito, hatubishi. Lakini redio ya chuki ya RTLM ilianza kurusha matangazo Rwanda mwezi Julai 1993, miezi 9 hivi kabla ya ndege kuanguka. Msafiri wetu akilizuia kombora moja, atakuta redio bado inaongea, panga bado zimenolewa. Ingembidi arudi mbali zaidi, na mbali zaidi, kwenye kila nyumba mtoto anapofundishwa kumdharau jirani. Atachoka kabla hajamaliza.

PICHA INAYOFIFIA

Sasa tuje kwa yule aliyeuliza, mimi je?

Kuna sinema nyingine ya mwaka 1985, Back to the Future. Kijana anaitwa Marty anajikuta amerudishwa mwaka 1955, na bila kukusudia anaharibu siku ambayo baba yake na mama yake walitakiwa kupendana. Mfukoni ana picha yake na ndugu zake wawili. Kila akiitazama, picha inafifia. Kaka anaanza kutoweka kuanzia kichwani, halafu dada, mpaka mwisho zamu inamfikia yeye mwenyewe. Kwenye vibanda vya video watu wanacheka sehemu hiyo. Lakini mwanafalsafa mmoja Mwingereza, Derek Parfit, aliliandika jambo hilo bila mzaha katika kitabu chake cha mwaka 1984. Alisema hivi, kwa maneno yetu: ili wewe uzaliwe, ilibidi baba yako na mama yako wakutane, tena wakati ule ule. Wangalikutana miezi michache baadaye, mtoto angalizaliwa, ila asingalikuwa wewe uliyechelewa. Angalikuwa mtu mwingine kabisa, kama ndugu yako alivyo mtu mwingine.

Hebu tuyalete maneno hayo hapa kwetu. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, wakati watu wanakimbia vita vya Kongo. Mtoto aliyezaliwa pale mwaka 1997 sasa ni mtu mzima, na wengine wa umri wake wameshakuwa wazazi. Mzee wa Fizi na mzee wa Uvira ambao wasingalijuana leo ni wakwe. Kijana amemwona binti kwenye foleni ya bomba, mmoja ametoka mlimani na mwingine mwambaoni, sasa wana watoto wanne. Ondoa vita, unaondoa safari. Ondoa safari, unaondoa foleni ile ya bomba. Na watoto wanne wanafifia kwenye picha mmoja mmoja.

Kwa hiyo kijana wetu hakufanya mzaha. Mashine ya kuzuia vita vya 1993 au 1996 ingemzuia na yeye. Na siyo yeye tu. Karibu kila mtu mwenye umri chini ya huo katika nchi zetu angalikuwa mtu mwingine, maana vita vikubwa hubadili nani alikutana na nani mpaka vijiji visivyosikia risasi.

Mmoja wa vijana aliandika kwamba hilo si tatizo, kwa sababu aliyefutwa hasikii maumivu na mama yake hatamlilia, hatajua kwamba alikuwepo. Tumeifikiria hoja hiyo. Jibu letu ni hili: mwizi akiiba usiku na mwenye mali asijue kamwe, bado ni wizi. Kukosa mlalamikaji hakuligeuzi jambo kuwa haki. Mtu aliye hai, anayecheka, anayependwa na nduguze, hawezi kufutwa na mwingine bila hata kuulizwa, eti kwa sababu hatalia.

NA WALIOKUFA JE?

Tunasikia sauti nyingine sasa, sauti ya wazee. Wanasema: mnamtetea aliyepo, je, aliyekuwepo? Watoto wangu waliobaki njiani nao walikuwa watu. Nao wangalioa, wangalizaa. Kwa nini aliyezaliwa baada ya vita awe na haki kuliko yule aliyeuawa na vita?

Hili ndilo gumu, na hatutalirukia kama dimbwi la maji. Aliyekufa alikuwa na haki ya kuishi, na haki hiyo haikuzeeka. Haipungui kila mwaka kama rangi ya turubai.

Tumchukulie mama mmoja, na nyote mnawajua wa namna yake. Mume wake wa kwanza aliuawa nyumbani. Alikimbia, akafika kambini, baada ya miaka akaolewa tena, Mungu akampa watoto watatu. Tuseme leo anapewa mashine: rudi ukamwokoe yule wa kwanza. Akimwokoa, watatu hawa hawapo. Akikaa, yule anakufa mara ya pili, safari hii mbele ya macho yake. Hesabu gani itamsaidia? Mmoja kutoa watatu? Mapenzi hayapimwi kwa kopo la posho. Sisi hatumpangii jibu. Tunasema hivi tu: akisema angekwenda, asiitwe mama mbaya. Akisema asingekwenda, asiitwe aliyesahau.

Lakini kwa swali la haki tunaona njia moja. Turudi kwa waliokuwepo siku ile yenyewe. Jirani aliyeweza kumficha mtu, askari aliyeweza kushusha bunduki, kiongozi aliyeweza kunyamazisha redio, mkubwa wa nchi ya mbali aliyeweza kutuma msaada. Mbele yao palikuwa na watu hai wanaokwenda kufa, na hakuna mtoto wa kambini wa kupimwa upande wa pili wa mizani, maana alikuwa bado hajakuwa mtu. Hao wajibu wao ulikuwa kamili. Hawana udhuru. Anayetoka leo kurudi kule ni tofauti, kwa sababu mgongoni amebeba watu wote waliozaliwa katikati. Hawezi kuwashusha njiani kama mizigo na kusema sikuwaona.

Kwa hiyo kuzuia uovu kabla haujatendeka ni wajibu. Kuufuta baada ya watu kuzaliwa juu yake ni jambo lingine, na hatuoni nani mwenye haki ya kulifanya peke yake, hata akiwa na machozi ya kweli.

Na asitokee mtu akayageuza maneno yetu akasema, basi vita vilikuwa na faida, vimeleta watoto wazuri. La hasha. Mtoto akiokotwa hai kwenye majivu, tunamshukuru Mungu kwa mtoto, hatuushukuru moto. Aliyewasha moto atajibu kwa alichounguza, na yule mtoto si shahidi wake wa utetezi.

MASHINE NDOGO ZILIZOMO NYUMBANI MWETU

Mpaka hapa tumeongea kama watu wa sinema. Sasa tuangalie yale ambayo familia zinafanya kweli, maana kuna namna tatu za kurudi nyuma ambazo hazihitaji mashine.

Ya kwanza ni kumhukumu mtu wa jana kwa akili ya leo. Mume na mke wamegombana kwa jambo dogo, chumvi au sabuni, ghafla mmoja anarudi miaka 20 nyuma: laiti ungalinisikiliza tukapita njia ya juu, mtoto wetu asingalizama ziwani. Mwenzake anakosa la kusema. Lakini fikirini, usiku ule yule baba alijua nini? Alisikia risasi upande mmoja, akaona giza upande wa pili, akachagua giza. Njia ya juu nayo ilikuwa na vizuizi ambavyo wengine hawakuvivuka. Leo tunajua ziwa lilichafuka. Usiku ule hakujua mtu. Mtu apimwe kwa taa aliyokuwa nayo mkononi, asipimwe kwa jua lililochomoza baadaye. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, lakini mjukuu huyo hana ruhusa ya kumpiga babu yake kila jioni. Kama kuna aliyetenda ubaya kwa makusudi, huyo ajibu. Aliyechagua vibaya kwa hofu na upendo apumzishwe, na mwenzake ndiye wa kwanza kumpumzisha.

Ya pili ni maneno tunayoyasema mbele ya watoto. "Laiti tusingalikuja huku." "Miaka yote tuliyokaa kambini ni miaka iliyopotea." Mzazi anayasema kwa uchungu wake na ana haki ya uchungu. Lakini mtoto aliyezaliwa katika miaka hiyo "iliyopotea" anasikiliza. Anapiga hesabu yake kimya kimya: mimi nimo ndani ya kile ambacho mama anatamani kisingalikuwepo. Huyo ndiye aliyeandika "mimi je?" Tunadhani yeye si mmoja. Basi wazazi, tuzitenganishe sentensi mbili. Moja ni: vita vilituumiza na haikuwa haki. Ya pili ni: wewe hukuja kwa bahati mbaya, na kama tungepewa kuchagua leo, wewe tusingekuachia. Zote mbili ni kweli. Mtoto anahitaji kuzisikia zote, na ya pili aisikie kwa sauti, siyo aibahatishe.

Ya tatu ni hatari kuliko zote, ni kuibadili jana kwa mdomo. Joseph Stalin, mtawala wa Urusi ya Kisovieti, aliwahi kupigwa picha kando ya mfereji akiwa na mkuu wake wa polisi, Nikolai Yezhov. Yezhov akaja kuanguka, akauawa mwaka 1940. Mafundi wakamfuta kwenye picha, pale aliposimama pakabaki maji tu. Hiyo ndiyo mashine pekee ya kubadili yaliyopita inayofanya kazi duniani, na kila nyumba inaweza kuwa nayo. Tunaiwasha tunapowaambia watoto kwamba upande wetu haukumgusa mtu, kwamba wale wengine tangu asili yao ni wauaji, kwamba jirani aliyetuficha siku tatu darini hakuwepo kwa sababu kabila lake halifai kwenye hadithi. Tunamfuta mtu mwema, pale aliposimama tunaacha maji. Mtoto anayekulia kwenye hadithi ya namna hiyo ameandaliwa safari ya kurudi nyumbani na panga.

Wapo pia wanaofuta kwa mapenzi. Hawataji jina la mtoto aliyefariki ili walio hai wasihuzunike. Tunawaelewa, na asiyeweza kusema asilazimishwe, kila jeraha lina saa yake. Ila ikifika saa, majina yatajwe. Mtoto akijua alikuwa na kaka aliyependa kuimba, kaka yule hatarudi, lakini hatakuwa amefutwa. Methali yetu inasema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ni nzuri, tunaikubali kwa sehemu yake ya pili. Kwa sehemu ya kwanza tunaongeza neno: yaliyopita yakifichwa ndiyo yanayokuwa ndwele.

LEO NI JANA YA NANI?

Tumalizie kwa upande ambao mashine inatuhusu sote. Kila tunapotamani kurudi tunatamani kuifikia siku moja ya kawaida kabla mambo hayajaharibika, siku ambayo watu walikuwa wanapika, wanabishana, wanaona bado kuna muda. Sasa, kwa mtu wa mwaka 2046, siku hiyo huenda ni ya wiki hii. Huenda yupo mjukuu ambaye atalala chini ya blanketi lake akitamani kuja hapa kwetu atugonge begani.

Angetuambia nini? Hatuhitaji roboti kulijibu hilo. Angesema, yule binti mliyemtoa shule ili aolewe alikuwa mama yangu, mngemwacha asome. Angesema, mngenifuatilia cheti cha kuzaliwa cha baba yangu alipokuwa mchanga, maana tulipotaka kusafiri tulikosa karatasi. Angesema, siku ile watoto wa zoni mbili walipopigana kwa mawe kwa sababu ya kabila, mngetoka nje mkawatenganisha, mkawakalisha pamoja. Angesema, mngeandika majina ya vijiji vyetu na ya mababu kwenye daftari, wazee walipoondoka hatukuwa na wa kumuuliza.

Angalieni alivyosema: mngemwacha, mngenifuatilia, mngetoka. Kwake yeye, kwa sarufi ya walimu, ilipaswa iwe -ngali-. Kwetu sisi bado ni -nge-, mlango uko wazi, hata leo jioni. Wale waliokuwepo siku ile ya 1993, ya 1994, ya 1996, tunawauliza kwa nini hamkuzuia. Sisi tuliopo leo ndio waliokuwepo wa siku nyingine. Hatutakuwa na udhuru kuliko wao.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

Someni ukurasa huu pamoja, anayejua kusoma amsomee asiyejua, kisha mjadiliane taratibu:

1. Je, kuna maneno yanayoanza na "laiti" ambayo tunayarudia nyumbani kwetu? Yanamchoma nani?

2. Mtoto wetu aliyezaliwa kambini ameshawahi kutusikia tukisema kwamba tunafurahi amezaliwa?

3. Katika hadithi ya safari yetu, ni nani wa upande mwingine aliyetusaidia? Watoto wanamjua?

4. Ni jambo gani moja la mwezi huu ambalo wajukuu wetu wangekuja kulibadili kama wangeweza? Nani nyumbani atalishughulikia, na lini?

Kwenye swali la tatu wazee waongee kwanza, vijana wasikilize. Kwenye swali la nne vijana waanze.

Majibu yenu leteni kwenye sanduku letu kabla ya siku ya posho ya mwezi ujao. Msiandike majina ya watu waliowadhuru, hapa si mahakamani. Majina ya waliowaokoa, kama wao au ndugu zao wako salama na wameridhia, hayo tutayapokea kwa mikono miwili. Vijana, asanteni kwa swali. Tunaomba radhi kwa kile kicheko cha mwanzo.

Mbaki salama, wapenzi wasomaji, tukutane mwezi ujao.